Karatasi za Marehemu
Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya waandishi na familia zao

Mabibi na mabwana, wazee wetu, shikamooni. Na ninyi wajane, wagane na watoto wa waandishi, karibuni sana, maana mhadhara huu ni wenu kuliko ulivyo wa wahakiki.

Nianze na Julius Caesar. Wengi humu tumeisoma kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, kilichotoka 1963, kisha akakisahihisha na kukitoa upya 1969. Mwaka huohuo wa 1969 wakatoka na Mabepari wa Venisi. Tamthilia zote mbili ni za Shakespeare, ila zilimfikia Mwalimu kwa njia mbili tofauti. Mabepari ilikwisha kuchapwa mwaka 1600, mtunzi yu hai. Julius Caesar haikuchapwa hata mara moja maisha yake yote. Alipofariki 1616, ilikuwa karatasi tu mikononi mwa kundi la waigizaji. Wenzake wawili wa jukwaani, John Heminges na Henry Condell, ndio waliokusanya kila walichokipata na mwaka 1623 wakatoa buku moja lenye tamthilia 36. Katika hizo, 18 hazikuwa zimewahi kuchapwa. Macbeth ni mojawapo, na Julius Caesar pia. Wazee wale wawili wasingejisumbua, Mwalimu angebaki na mabepari peke yao.

Kwa hiyo leo vipaji tuviache kando. Nataka tuzungumzie watu wa sanduku: dada, mdogo mtu, rafiki, mwalimu wa jirani. Walifanya nini kwa mikono yao, na walikosea wapi.

Mombasa kwanza. Muyaka bin Haji alifariki karibu mwaka 1840, na mashairi yake yakabaki vinywani mwa watu. Aliyeyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor. Sikujua akafariki 1890, karatasi za Taylor zikaishia London, na Diwani ya Muyaka ikachapwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri akiwa William Hichens. Hesabuni wenyewe: miaka mia moja toka kaburini hadi dukani.

Msidhani kazi ya Sikujua ilikuwa ya kunakili tu. Zamani Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, nazo zina alama tatu za irabu, sisi tunazo irabu tano. E na i hugombea alama moja, o na u vilevile. Kama mwandishi hakutumia herufi ya p yenye nukta tatu, "pata" na "bata" huandikwa sawasawa. Mara nyingi n iliyo mbele ya d haiandikwi kabisa. Kwa hiyo asomaye lazima awe anaujua ushairi: kina cha mwisho kinamwambia silabi ipi haikubaliki, na mizani nane kwa nane zinamwambia kama kuna silabi iliyomezwa. Mswada wa namna hiyo, akiondoka mtu aliyezisikia beti zikighanwa, nusu ya maana huondoka naye. Ndiyo maana nyumba yenye tenzi za babu kwa hati za Kiarabu, na mzee anayeweza bado kuzisoma, iwashe kinasa sauti cha simu wiki hii. Mzee asome, atamke ubeti wa ngapi, aendelee. Mengine yatafuata.

Sasa twende Amherst, Marekani, mwaka 1886. Emily Dickinson amefariki. Maisha yake yote yalichapwa mashairi kama kumi hivi. Dada yake, Lavinia, anatimiza wosia: anachoma barua zote alizoandikiwa marehemu. Halafu anafungua kasha na kukuta mashairi, ambayo hakuambiwa ayafanye nini. Jumla, pamoja na yaliyokuwa kwa watu wengine, yanakaribia 1,800. Mengi yalikuwa katika vijitabu kama 40 alivyovishona mwenyewe: karatasi iliyokunjwa katikati, juu yake nyingine, anatoboa matundu mawili pembeni, anapitisha uzi, anafunga fundo.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, na ni kosa la nia njema. Watayarishaji walitaka kunakili, nyuzi zikawasumbua, wakazikata. Karatasi zikachanganyika. Toleo la kwanza lilitoka 1890, likapendwa mno, lakini mashairi yalikuwa yamepewa vichwa ambavyo mtunzi hakuvitoa, vistari vyake vimegeuzwa mikato, na baadhi ya maneno yamebadilishwa ili vina vilingane. Wasomaji walisubiri hadi 1955 ndipo Thomas Johnson akayachapa yote kama yalivyoandikwa. Na mpangilio wa vijitabu? Huo ulirudishwa na Ralph Franklin mwaka 1981. Alilinganisha matundu ya sindano, kama tundu la karatasi hii linaangukia juu ya tundu la ile. Alifuata madoa: doa likipenya karatasi tatu, basi hizo tatu zililala pamoja. Akaangalia mikunjo na aina ya karatasi. Karibu karne nzima, kwa sababu ya uzi ambao mkasi uliumaliza kwa sekunde mbili.

Franz Kafka mnamjua kwa ule wosia wake kwamba kila kitu kichomwe. Alifariki 1924, rafiki yake Max Brod akakataa kuchoma, na riwaya ya The Trial ikatoka mwaka uliofuata. Hadithi hiyo husimuliwa sana, ikaishia hapo. Mimi naona sehemu yenye faida kwetu ni ya pili. Kafka aliacha sura zikiwa mafungu mafungu bila namba, Brod akaamua mwenyewe ipi itangulie, na wataalamu wanabishana hadi leo. Kisha Brod, aliyetoroka Prague 1939 na karatasi hizo kwenye sanduku, alifariki 1968 akiziacha kwa katibu wake kwa maelezo yasiyoeleweka vizuri: ni zake, au anazishika tu kwa ajili ya maktaba? Mwaka 1988 mswada wa The Trial ukauzwa mnadani London. Kesi ya zilizobaki ilimalizika 2016 tu, katika Mahakama ya Juu ya Israel, Maktaba ya Taifa ya huko ikishinda. Sentensi moja yenye jina na tarehe ingetosha.

Na Shaaban Robert. Alifariki 1962, Kufikirika ikachapwa 1967, Utubora Mkulima 1968. Zaidi ya hayo tuna barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizochapwa hapa Dar es Salaam mwaka 2002. Tazameni zilikokaa: kwa mpokeaji. Barua za mwandishi hazipatikani kwenye meza yake. Ukitaka kukusanya urithi wa marehemu, andika orodha ya watu 20 aliokuwa akiandikiana nao, uwafuate mmoja mmoja. Siku hizi nyingi ziko WhatsApp, na humo mna amri ya kuhamisha mazungumzo yote yawe faili la maandishi. Fanyeni kabla laini ya marehemu haijafungwa na kupewa mtu mwingine.

Basi sanduku liko mbele yako. Siku ya kwanza usipange kitu. Piga picha kila faili lilivyo, na kila kaunta buku lilivyolala juu ya jingine. Halafu chukua penseli ya HB, si kalamu ya wino, uandike namba ndogo kwenye kona ya juu: sanduku 1, faili 3, karatasi 12. Ikianguka bahasha, utajua pa kuirudisha. Karatasi isiyo na maana kwako, mathalani risiti ya duka yenye mistari miwili ya shairi mgongoni, nayo ipewe namba. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya nzima ya Kikuyu kwenye karatasi za chooni katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Zilikuwa ngumu kwa kazi iliyokusudiwa, ila kwa kalamu zilifaa.

Adui mkubwa wa Dar ni unyevu. Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi, na mji huu unapita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Sanduku la bati uvunguni tunaliona salama, lakini bati hupoa usiku, hewa iliyofungiwa ndani hugeuka matone, na faili la chini kabisa ndilo huoza kwanza. Mfuko wa nailoni hufanya vivyo hivyo. Tumia boksi la karatasi ngumu, juu ya rafu iliyoinuka sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali kidogo na ukuta, na ukuta wenyewe usiwe wa nje. Mchwa hupanda kwa ukuta. Ukiacha nafasi utaiona njia yao ya udongo.

Wadudu wakishaingia, usipulize dawa ya mbu kwenye karatasi. Funga kwenye mifuko miwili ya plastiki, kamua hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue siku hiyohiyo. Acha siku nzima ubaridi uishe, la sivyo mvuke wa jasho la hewa yetu utalowanisha kila kitu.

Mliopo bonde la Msimbazi mnajua masika yanaletaje maji. Karatasi iliyolowa ina saa 48 kabla ya kuvu. Usianike juani wala usipige pasi. Inajikunja na kupasuka. Tandaza kivulini, washa feni isiyoielekea moja kwa moja, weka karatasi nyeupe katikati ya kurasa na uibadilishe kila inapolowa. Gazeti lisitumike, wino wake unahamia. Zikiwa nyingi kuliko mikono yenu, zifungeni na kuzigandisha, mtazikausha kidogo kidogo baadaye. Anzeni na zilizoandikwa kwa kalamu ya wino wa chupa, maana huo hukimbia. Taipu na penseli huvumilia.

Ondoa pini za stepla na vibanio, vinaota kutu. Ondoa mipira ya kufungia. Selotepu usiibandike kamwe. Na leminesheni! Kila kona ya mji kuna kijana na mashine yake, na anaifanya kwa moyo safi, lakini joto likishayeyusha plastiki ndani ya karatasi hakuna fundi wa kuitoa. Risiti za mashine na faksi za zamani hufifia zenyewe, zitoe fotokopi mapema.

Vya kompyuta ni kifupi: nakala tatu, za aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Disketi za miaka ya 1990 zitafutiwe msomaji sasa.

Mwisho, kukabidhi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambao J.W.T. Allen aliutolea katalogi 1970, kwa hiyo kazi hii si ngeni hapa. Lakini kutoa karatasi si kutoa hakimiliki. Sheria ya Tanzania Bara ya 1999 iliiweka haki hiyo kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baadaye, nayo ni ya warithi hadi waitie sahihi kwa mtu mwingine. Makubaliano yaseme nani anaruhusiwa kusoma, nani kuchapa, na barua zipi zifungwe hadi mwaka gani. Orodha ya namba zenu za penseli itiwe sahihi na pande zote mbili kabla sanduku halijatoka mlangoni.

Karibuni maswali. Mama wa safu ya pili, naona umekuja na mswada. Usiutoe kwenye bahasha kwanza, tuzime hili feni la juu.