Je, Wingu Kubwa la Magellan linatuzunguka au linapita tu? Piga hesabu kwa simu

Karibuni tena. Fungua kikokotoo cha simu, kiweke karibu. Leo tunalipigia hesabu Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, na hili unaliona kwa macho matupu.

Basi anza kwa kuiona. Mwishoni mwa Desemba, usiku usio na mbalamwezi, kuanzia saa tatu, kama uko Mtwara, Mafia au popote pasipo na taa nyingi, geukia kusini. Ile nyota kali upande wa kusini-mashariki ni Suheli, yaani Canopus. Sogeza macho kulia, kisha chini kidogo. Ukiona doa la ukungu lisilohama na upepo, ndilo lenyewe.

Sasa mwendo. Darubini ya Hubble ilipima nyota zake zikisogea mbele ya kwasa, yaani vitovu ving'avu vya galaksi nyingine, ambazo ziko mbali mno hata zinaonekana zimetulia. Msogeo ni sekunde ya tao 0.0019 kwa mwaka; nyuzi moja ina sekunde za tao 3,600, kwa hiyo ona udogo wake! Umbali ni parseki 50,000, takriban miaka nuru 163,000. Andika 4.74 × 0.0019 × 50,000; hiyo 4.74 ni namba ya kugeuza jibu liwe kilomita kwa sekunde. Unapata 450, kilomita kwa sekunde.

Usiishie hapo. Jua letu nalo linakimbia kuzunguka kitovu cha Njia Nyeupe, na sehemu ya huo msogeo ni yetu sisi. Kuiondoa kunataka vekta, yaani hesabu za kasi pamoja na mwelekeo wake, nami leo naziruka. Pia kuna mwendo wa kwenda mbali nasi. Ukishaweka vyote sawa, kasi halisi ni kama 320.

Hapa ndipo pana utamu. Tuseme linazunguka kwa duara. Masi inayohitajika ndani ya duara hilo ni kasi mara kasi mara umbali, gawanya kwa namba ya mvutano: 320 × 320 × 50 ÷ 0.0000043. Umbali huu ni kwa kiloparseki, yaani maelfu ya parseki. Jibu: trilioni 1.2, kwa kipimo cha masi ya Jua. Lakini ndani ya umbali huo Njia Nyeupe ina kama nusu trilioni tu, mata giza, ile isiyoonekana, ikiwemo. Futa 320, weka 200: bilioni 465. Hiyo ndiyo kasi ya duara.

Kwa hiyo duara hakuna. Linakatiza kwa kasi, limetoka kupita sehemu iliyo karibu zaidi nasi, na sasa linaelekea mbali. Mwaka 2007 mwanaastronomia Gurtina Besla na wenzake walionyesha kwamba huenda hii ndiyo mara yake ya kwanza kufika, wakati zamani wengi waliamini limekwishazunguka mara kadhaa. Mimi naegemea kwa Besla, ingawa Njia Nyeupe ikiwa nzito kuliko tunavyodhani, mzunguko wa awali unawezekana.