Gharama ya Kuondoa Molekuli Moja ya Maji

Tuanze na swali ambalo kwenye karatasi linaonekana jepesi: asidi ya kaboksili (yenye kikundi COOH) na amini (kampaundi ya naitrojeni) zikikutana chupani, mbona amidi, yaani muungano wa hizo mbili, haipatikani? Kinachotakiwa kutoka ni molekuli moja tu ya maji. Lakini amini ni besi, yaani hupokea protoni kutoka kwa asidi. Kabla ya lolote jingine protoni inahama, na mkononi unabaki na chumvi. Naitrojeni iliyopokea protoni haina tena jozi huru ya elektroni ya kuishambulia kaboni. Ukilazimisha, utapasha hadi nyuzi 160 na zaidi, na molekuli tete haihimili joto hilo.

Njia ya upole ni kuiamsha asidi kwanza. Ile OH ya asidi haiondoki kwa hiari, basi tuigeuze iwe kitu chepesi kuondoka. Mwaka 1955 Sheehan na Hess walionyesha kwamba DCC, kitendanishi cha kuamsha asidi, huunganisha peptidi (minyororo ya asidi amino) katika joto la kawaida la chumba. Asidi hujishika kwenye DCC, amini huja, amidi huundwa, na maji huishia ndani ya urea iitwayo DCU.

Hapa naomba tuwe waangalifu. Asidi amino iliyoamshwa mno, ikikawia kukutana na amini, hupoteza mpangilio wake: umbo la mkono wa kushoto linachanganyika na la kulia. Ndiyo maana mwaka 1970 König na Geiger waliongeza HOBt, kitendanishi msaidizi kinachoipokea asidi na kuikabidhi kwa amini kabla hilo halijatokea. Naipenda sana hatua hii, ila HOBt kavu inaweza kulipuka, na DCC huamsha mzio wa ngozi. Vaeni glavu.

Sasa pigeni hesabu. Ili kuondoa gramu 18 za maji tunatumia gramu 206 za DCC na kubaki na gramu 224 za taka. Kwangu hilo ni deni, hasa kwa kiwanda cha dawa.

Ndiyo maana vichocheo vya boroni vinanivutia. Mwaka 1996 kundi la Yamamoto lilitumia asidi za boroni zenye pete ya benzini, ingawa kwa kuchemsha. Mwaka 2008 kundi la Hall lilipachika iodini jirani na boroni, likaweka chembe za kunyonya maji, na mmenyuko ukaenda bila kuchemshwa. Taka ni maji tu. Anilini, amini iliyoshikamana na pete ya benzini, bado ni ngumu, kwa kuwa elektroni za naitrojeni yake zimevutwa na pete. Kwa hiyo huko bado narudi kwenye vitendanishi vya kuamsha asidi.