Siku ya tatu baada ya kujifungua: jinsi ya kumtembelea mama nyumbani

Karibu. Video hii ni yako wewe mkunga, muuguzi au mhudumu wa afya unayewafuata mama na mtoto nyumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, baada ya saa 24 za kwanza za uangalizi, waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya 6. Leo tunafanya ziara ya siku ya tatu. Huo ndio wakati matiti yanajaa, machozi yanatoka yenyewe na umanjano wa mtoto unaanza kuonekana, na mara nyingi ndio wakati watu wote wameshamsahau mama.

Kwenye mkoba weka mashine ya presha, kipimajoto, mizani na saa yenye mshale wa sekunde. Ukifika, nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya kwanza ni kuketi. Utapewa mtoto umpakate. Wapongeze, lakini mwache kwanza kwa mama yake. Keti karibu na mama, uso wako usawa na wake, umwulize: "Mama, wewe mwenyewe unaendeleaje?" Ukiuliza "mnaendeleaje", utajibiwa "hatujambo" na mazungumzo yataishia hapo. Ukishauliza, nyamaza. Mwache asimulie uchungu ulivyokuwa, nani alikuwepo, nini kilimtisha. Tafadhali usimwambie "la muhimu mtoto ni mzima". Maneno hayo humfunga mdomo, na kesho akipatwa na homa hatakwambia.

Hatua ya pili, mwili wa mama. Kabla hujagusa chochote, omba ruhusa. Aende haja ndogo kwanza, kwa sababu kibofu kikijaa kinausukuma mfuko wa uzazi juu na utapima vibaya. Sasa angalia mkono wangu: ninabonyeza taratibu kuanzia kitovuni kushuka chini. Siku ya tatu mfuko wa uzazi unapaswa kuwa mgumu na uwe umeshuka chini ya kitovu. Uliza kuhusu damu kwa pedi, maana "nyingi" ya huyu si "nyingi" ya yule. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, ni safari ya hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo homa ya nyuzi 38 na kuendelea, au uchafu wenye harufu mbaya.

Pima presha hata kama ilikuwa nzuri mimba yote. Kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya mtoto kuzaliwa. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, au mama akilalamika kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, au ana maumivu chini ya mbavu, usimwambie apumzike tu. Mpeleke. Angalia pia miguu: mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, huenda damu imeganda ndani.

Hatua ya tatu ni kunyonyesha, na hapa tutakaa. Usiulize tu "ananyonya vizuri?" Subiri mtoto aonyeshe njaa, kisha tazama anyonye mpaka aachie mwenyewe. Tazama kidevu: kimegusa titi. Mdomo umefunguka wazi, wa chini umepinduka nje, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi kwa juu kuliko kwa chini. Sasa sikiliza: anavuta, anavuta, anameza. Usimshike mama titi, wala usimsukume mtoto kisogo, maana atajikunja kurudi nyuma na kulikataa titi. Mwongoze mama kwa maneno ili mikono yake ijifunze. Maumivu yakiendelea, aingize kidole safi kwenye kona ya mdomo wa mtoto, amtoe, aanze upya. Titi likijaa mpaka likawa gumu, akamue kidogo kwanza lilainike.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Choo kinatoka weusi, kinakuwa kijanikijani, kisha njano. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, ila akipoteza zaidi ya asilimia 10 anahitaji kuonwa haraka. Kama familia inatumia maziwa ya kopo, waonyeshe namna ya kuyaandaa kwa usafi, bila kumhukumu mtu.

Hatua ya nne, mtoto. Mvue nguo mbele ya mama, penye mwanga wa mchana. Akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 60, hesabu tena. Zikibaki hivyo, apelekwe. Apelekwe pia kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anakataa kunyonya, ana degedege, joto limefika nyuzi 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, au umanjano umefika viganjani na kwenye nyayo. Kitovu kiwe kikavu, bila usaha. Alale chali kila anapolala.

Hatua ya tano, moyo. Machozi ya siku hizi kwa kawaida huisha kabla ya wiki mbili. Yakipita hapo, tumia dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, la kupima sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, baada ya kujifungua. Lina maswali 10, na la mwisho linauliza kuhusu kujidhuru. Usiliruke, kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mama asiyelala kabisa na anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii anahitaji hospitali siku hiyohiyo. Mwulize na baba analalaje, kwa sababu sonona huwapata na wao.

Kabla ya kuondoka, mwombe mama akutajie kwa maneno yake dalili za kukimbilia hospitali, zake na za mtoto. Akisahau moja, rudieni pamoja, baba akiwa anasikiliza. Kubalianeni nani atapigiwa simu usiku na watatumia usafiri gani. Andika kwenye kadi presha, uzito na tarehe ya kurudi, na umsomee mama ulichoandika.