Mahindi Yakiita, Kiduha Kinasikia

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Kaka Okoth, shika hii bahasha. Fungua taratibu, usiipumulie.

OKOTH: Ugoro? Dada Neema, nani kakwambia mimi nanusa ugoro?

NEEMA: Angalia vizuri.

OKOTH: Aa. Kayongo! Sasa mbegu ya kayongo umeileta studio ya nini?

NEEMA: Gugu hili la mashamba ya mahindi, kwetu Kanda ya Ziwa tunaliita kiduha. Nimekung'uta mche mmoja tu uliokauka, shambani kwa shangazi. Mmoja. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu 50,000, na mingine inapita hapo. Zikishaingia udongoni zinaweza kulala zaidi ya miaka 10.

OKOTH: Nilipokuwa mtoto Siaya nilikuwa nachuma yale maua ya zambarau, nampelekea mama. Anayatia kwenye kikombe cha bati, anaweka dirishani. Halafu jioni analalamika mahindi yamekaa kama yamelogwa. Mvua ipo, udongo una unyevu, lakini jani limejikunja kama la kiangazi.

NEEMA: Ndiyo maana watu wakasema uchawi.

OKOTH: Na tulikuwa tunapalilia! Mara mbili, mara tatu. Kuna bwana shamba alipita akatuambia tatizo letu ni uvivu wa jembe. Mama hajamsamehe mpaka leo.

NEEMA: Na ana haki. Kiduha ukikiona kimechomoza, ujue kimeshakula. Msimu huu, kama wiki ya tano baada ya kupanda, nilichimba mche mmoja wa mahindi wa shangazi. Nilizungushia jembe kwa mbali, nikautoa na bonge lake la udongo, nikauloweka kwenye beseni mpaka udongo ukaachia wenyewe. Juu ya ardhi hapakuwa na kiduha hata kimoja. Kwenye mizizi sasa! Vichipukizi vyeupe, vinono, kama choroko zilizoanza kuota, vimeng'ang'ania. Nikavuta kimoja, kikatoka na kipande cha mzizi.

OKOTH: Kinanyonya humo humo gizani.

NEEMA: Maji na chakula vyote. Shangazi aliangalia beseni, akaangalia shamba, akasema, "Kumbe nimekuwa nikimlimia huyu."

OKOTH: Pole yake. Lakini hebu nieleze. Mbegu ndogo kama vumbi, imelala gizani miaka minane. Inajuaje leo kuna mzizi wa mahindi karibu?

NEEMA: Hapo ndipo penyewe. Mizizi ya mahindi inatoa kemikali kwenye udongo, zinaitwa strigolaktoni. Ya kwanza kabisa ilitambuliwa mwaka 1966, na haikutoka kwenye mahindi, ilitoka kwenye mizizi ya pamba. Mbegu ya kiduha ikishapata joto na unyevu kwa muda, ikaguswa na kemikali hiyo, inaamka na kuufuata mzizi.

OKOTH: Mahindi yanamwita mwizi wao wenyewe? Kwa faida gani?

NEEMA: Hayamwiti yeye. Yanawaita kuvu wazuri, wale wanaoishi na mizizi na kuiletea fosforasi. Hilo lilikuja kueleweka baadaye sana, mwaka 2005. Na fosforasi ikipungua kwenye udongo, mmea unaita zaidi.

OKOTH: Kwa hiyo shamba lenye njaa ndilo linalopiga kelele.

NEEMA: Na kiduha kina masikio. Ndiyo maana nawaambia watu wasianze na jembe, waanze na udongo. Samadi, mboji, mbolea kidogo kwenye shimo. Shamba lililochoka, ukipanda mahindi juu ya mahindi kila msimu, unalisha hazina ya mbegu iliyo chini.

OKOTH: Samadi ngoja kwanza. Ng'ombe akila kayongo yenye mbegu, mbegu inapita tumboni nzima nzima. Usimwage samadi mbichi shambani. Irundike, ioze, ipate joto.

NEEMA: Kweli kabisa. Sasa turudi kwenye pamba. Inaita kiduha kama kawaida, kiduha kinaota, kinafika, hakiwezi kushika. Ndani ya siku chache kimekufa.

OKOTH: Kimeitwa harusini, kikakuta hakuna wali.

NEEMA: Soya pia inaweza kufanya hivyo, ingawa aina zake zinatofautiana. Marekani walienda mbali zaidi. Kiduha chenye maua mekundu kilionekana kwenye mahindi ya Carolina miaka ya 1950. Wakaweka karantini, na baadaye wakapiga udongoni gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi. Mbegu zinaota, hakuna mahindi, zinakufa.

OKOTH: Gesi ardhini! Sisi hata ya kupikia tunabana. Bora nizungumzie ya Mbita, kule kwetu Kenya, nimeiona kwa macho. Watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, wakiongozwa na Zeyaur Khan, walikuwa wanahangaika na kiwavi anayetoboa bua. Wakapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, harufu yake imfukuze nondo, na matete kuzunguka shamba yamvute. Sukuma-vuta. Halafu wakagundua jambo ambalo hawakulitafuta: palipo na desmodiamu, kayongo imepungua sana.

NEEMA: Kwa sababu ya kivuli?

OKOTH: Kivuli kinasaidia, lakini kazi kubwa ni mizizi. Inatoa kemikali, moja inaamsha mbegu, nyingine inazuia kimelea kisijishike. Na kwa kuwa ni jamii ya kunde, inaongeza naitrojeni. Unapata na majani ya ng'ombe.

NEEMA: Mbona basi haijajaa kila shamba?

OKOTH: Maharagwe, dada. Mwambie mama wa Siaya aondoe maharagwe katikati ya mahindi apande majani ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe hana! Mbegu nayo ni ghali, na ni ndogo mno, lazima uichanganye na mchanga ndipo uimwage kwenye mfereji. Msimu wa kwanza inasuasua, ukipalilia ovyo unaing'oa. Msimu wa pili usipoipunguza inapanda juu ya mahindi. Ni nzuri, mimi naipenda, lakini ina kazi, na wanaoihubiri huwa wanaruka sehemu hiyo.

NEEMA: Na ile mbegu ya mahindi iliyopakwa dawa?

OKOTH: Ua Kayongo. Yaani kuua, si ua la kwenye kikombe cha mama. Mahindi yenyewe yanastahimili dawa, dawa imepakwa kwenye mbegu, inamuua kayongo akiwa bado chini. Tahadhari moja: ukishika mbegu hiyo, usishike maharagwe kwa mkono huo huo. Hayataota. Nawa kwanza, au mpe mwenzako apande maharagwe.

NEEMA: Shangazi msimu ujao anaweka soya nusu ya shamba, nusu nyingine mahindi na samadi iliyooza. Vile vilivyochomoza tuling'oa kwa mkono kabla havijachanua, tukachoma. Mahindi yaliyokwisha kunyonywa hayakupona, ila mbegu mpya hazikudondoka. Isipokuwa ule mche mmoja uliojificha kwenye kichuguu.

OKOTH: Uliotufikisha hapa.

NEEMA: Bahasha naipeleka jikoni, chini ya sufuria. Wewe Jumamosi unakwenda Siaya?

OKOTH: Nakwenda, kuandaa shamba la mama.

NEEMA: Basi simama. Kung'uta suruali hapa hapa, ulizimwaga ulipokuwa unacheka.

OKOTH: Wapi? ... Ala!