Marealle Yupi? Majina ya Ukoo kwenye Vibao Vyetu vya Kumbukumbu

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, waongoza watalii, na ninyi wanafunzi mliokaa chini kwa kukosa viti, habari za jioni.

Nianzie nyumbani. Kwenye kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, chini ya migomba, kuna makaburi matatu ya saruji yaliyopangana. Fundi aliandika kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi. La kwanza: MOSHA. La pili: MOSHA. La tatu: MOSHA 1958, na hiyo 8 imepinda, nadhani msumari uligonga kokoto. Ni babu yangu na ndugu zake wawili. Aliyejua nani kalala wapi alikuwa shangazi, naye hatunaye tena. Kila Desemba tukipanda kutoka mjini kusafisha, tunaweka maua sawasawa kwa yote matatu, maana hatujui babu ni yupi. Inaniuma, wazee wangu. Tangu hapo sipiti kibao bila kukisoma.

London walianza kubandika vibao kwenye nyumba za watu mashuhuri miaka ya 1860. Cha kwanza, cha mwaka 1867, kilikuwa cha mshairi Byron, mtaa wa Holles. Nyumba ikabomolewa mwaka 1889, kibao kikaenda nayo. Lakini kule jina la ukoo lina kazi yake: baba ni Byron, mtoto ni Byron, ukilifuata jina unaufuata ukoo.

Sasa njooni kwetu. Hapa Moshi mjini tuna mtaa wa Rindi. Panda Old Moshi, pale Tsudunyi, utakuta sanamu ya Mangi Meli, yaani mtawala wa Wachagga wa hapo, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Mtoto wa shule atajuaje kwamba Rindi ndiye baba yake Meli? Majina hayafanani hata herufi mbili za mwanzo. Na Rindi huyohuyo kwenye maandishi mengi ya Wazungu anaitwa Mandara! Mzee wa zamani alikuwa na jina lake, na baba yake alikuwa na lake. Meli limekuja kuwa jina la mwisho kwa wajukuu, akiwemo yule aliyehangaika miaka mingi kulitafuta fuvu la babu yake, linalosemekana lilipelekwa Ujerumani. Jina la mtu mmoja limegeuka jina la ukoo, na kibao kisipoeleza hivyo kinampotosha msomaji.

Upande wa pili kuna jina moja lenye watu wengi, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Mtu akisema Marealle, Marealle yupi? Kuna Ndegoruo Marealle, mangi wa Marangu enzi za Wajerumani, aliyeshirikiana nao. Kuna Petro Itosi Marealle, mangi aliyetuandikia kwa Kiswahili maisha ya Mchagga na mila zake. Kuna Thomas Marealle, Mangi Mkuu kuanzia 1952 hadi 1960, aliyesimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1957 kuizungumzia Tanganyika. Ukoo mmoja, nyakati tatu, kazi tatu. Ukiandika MAREALLE peke yake juu ya jiwe, unaweza kumbebesha mjukuu lawama za babu, au kumpa babu sifa za mjukuu. Nasema hivi kwa heshima kwa ukoo huo, maana wao ndio wanaodhulumiwa kwanza.

Waongoza watalii mnajua ya mlimani, Kilimanjaro. Gilman's Point, mita 5,685, imeitwa kwa mhandisi wa reli Clement Gillman. Jina lake lina L mbili. Kibao kina moja. Watu wangapi wamepiga picha pale wamekumbatia jina lililokosewa? Juu kidogo ni Stella Point. Stella ni jina la kwanza la mama mmoja, Stella Latham. Mwanamume kapewa jina la ukoo, mwanamke jina la kuitiwa nyumbani. Hilo nalo tulione.

Wazee wetu walikuwa na alama yao, sale, ule mmea wa majani marefu. Lilipandwa mpakani, lilipandwa walipolazwa wahenga. Halina herufi, lakini palikuwa na mtu wa kulisemea: huyu ni fulani, mwana wa fulani. Msemaji akiondoka, linabaki jani. Saruji yetu kule kihambani ni hivyohivyo.

Kwa hiyo nachoomba ni kidogo. Jina la mtu, jina la baba yake, mwaka, na neno moja la alichofanya. Kwa Kiswahili, ili mtoto asome bila kutafsiriwa.

Pale mezani karibu na mlango kuna karatasi na kalamu. Wazee, kabla hamjatoka, andikeni jina lenu, la baba, la babu, mpaka mtakapofika. Mwenye macho yaliyochoka akae na kijana mmoja, amtajie, kijana aandike. Na kama yupo hapa mzee aliyehudhuria mazishi ya kina Mosha mwaka 1958, tafadhali, usiondoke kabla hatujaongea.