Jedwali Linaloshika Swali: Kuongoza Uchunguzi wa Sayansi Darasani

Walimu wenzangu, jedwali la safu tatu, yaani Tunajua, Tunataka Kujua na Tumejifunza, mnalifahamu. Donna Ogle wa Marekani alilitoa mwaka 1986 kwa ajili ya masomo ya kusoma matini. Ukiliingiza kwenye sayansi vilevile lilivyo, linakwama safu ya kwanza. Muulize mwanafunzi anajua nini kuhusu jiwe linaloning'inia kwenye uzi, atakwambia jiwe zito hubembea haraka zaidi. Jibu hilo likishaandikwa chini ya neno "Tunajua", umelibariki bila kukusudia. Badilisheni kichwa kiwe "Tunadhani, kwa sababu". Hiyo "kwa sababu" ndiyo inayompa kitu cha kupima.

Tubaki na jiwe hilohilo. Kila kikundi cha watu watano kipewe nusu ya karatasi ya manila, uzi wa mita moja na robo, mawe mawili, rula, na simu ya kuhesabia sekunde. Safu ni nne: "Tunadhani, kwa sababu", "Tunabadilisha kimoja tu", "Tunaacha vilevile" na "Tumepima". Chini yake sanduku pana la dai na ushahidi.

Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Wanafunzi huandika "urefu wa uzi", wakaridhika. Waulize: kutoka wapi hadi wapi? Wakipima sentimita 25 hadi kwenye fundo, jiwe dogo ambalo kati yake iko sentimita 1 chini ya fundo litabembea kwenda na kurudi mara 10 kwa sekunde 10.2 hivi. Jiwe kubwa ambalo kati yake iko sentimita 4 chini litatumia 10.8. Watasema zito ni la polepole, kumbe kilichobadilika ni urefu. Upimwe hadi katikati ya jiwe: hapo sentimita 25 hutoa sekunde 10 kwa mawe yote mawili, na mita moja hutoa 20.

Kosa jingine liko mdomoni. Mhesabuji husema "moja" jiwe linapoachiwa, kwa hiyo anasimamisha saa baada ya mibembeo 9, na sekunde nzima imepotea. Aanze na "sifuri". Jiwe lisivutwe kando zaidi ya digrii 15, maana likivutwa sana muda hurefuka. Kila kipimo kirudiwe mara tatu.

Safu ya kwanza ijazwe kwa kalamu ya wino, dakika 10, kabla vifaa havijagawiwa. Ukigawa mapema, watajaribu kwanza kisha waandike dhana inayofanana na jibu. Na isifutwe, hata ikionekana ya aibu.

Katika dakika 80, 25 za mwisho ziachieni sanduku la dai. Muda huo huliwa na uchoraji wa mistari, kwa hiyo manila ziingie darasani zimeshachorwa. Dai la "mawe ni sawa tu" lirudisheni: sawa kwa kipi, na namba ziko wapi? Kikundi kilichokosea kiandike waziwazi: "Tulidhani jiwe zito litawahi. Tumepata sekunde 10.0 na 10.1, urefu ukiwa uleule."