Mawingu ya fedha juu ya paa la jirani

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wenzangu, habari za nyumbani. Hapa Aberdeen, Uskoti, ni saa sita na nusu usiku, mwezi wa Juni, nami nawaomba mtazame upande wa kaskazini, juu ya paa lile la jirani. Ile michirizi ya rangi ya fedha, iliyojipanga kama mikunjo inayobaki mchangani maji yanapokupwa, ni mawingu.

Jua limekwisha kuzama, lakini majira haya halishuki mbali chini ya upeo wa macho. Na kwa kuwa mawingu hayo yako kilomita zipatazo 83 juu, bado yanamulikwa ilhali sisi tuko gizani. Hata wingu refu la radi la kwetu halifiki robo ya kimo hicho. Huko juu, wakati huku chini ni majira ya joto, baridi hushuka chini ya nyuzi 120 hasi, kwa sababu hewa hupanda, hutanuka na kupoa. Kwetu Afrika Mashariki baridi ya huko juu haifikii kiwango hicho, ndiyo maana hatukukua tukiyaona.

Tarehe 25 Aprili 2007, Marekani ilirusha setilaiti ya AIM kuyachunguza mawingu haya pekee. Iliongozwa na Profesa James Russell wa Hampton University, chuo kilichoanzishwa mwaka 1868 kuwasomesha Weusi waliotoka utumwani, na kilichokuwa chuo cha kwanza cha aina hiyo kukabidhiwa dhamana ya msafara mzima wa setilaiti ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Jambo hilo hunigusa kila ninapoyatazama mawingu haya.

Kamera 4 za AIM ziliyapiga mawingu picha kutoka juu, na chombo kingine kilipima mwanga wa jua ukipenya angani wakati wa macheo na machweo. Kipimo hicho kilionyesha kwamba ndani ya chembe za barafu mna vumbi la vimondo vilivyoungua. Maji nayo, sehemu yake hutokana na methani, gesi ya mifugo, mashamba ya mpunga na visima vya gesi, ambayo ikifika juu huvunjwavunjwa ikawa mvuke. Methani hewani imezidi maradufu tangu enzi za kabla ya viwanda. Nayo mawingu haya yalianza kuandikwa habari zake mwaka 1885, viwanda vilipokuwa vimekwisha kuanza.

AIM ilikusudiwa idumu miaka 2, ikafanya kazi karibu 16, hadi betri yake iliposhindwa mwaka 2023.

Tazameni, mikunjo imekwisha kuvuka bomba la moshi. Naiacha kamera dirishani hadi saa tisa, mapambazuko yatakapoifuta mikunjo hiyo.